Mpaka wa Ufagio

Sijawahi kumchukia mtu kwa usafi wake, isipokuwa mama mkwe wangu, asubuhi ile jaji alipokuja kuliona pori letu. Nilimchukia kwa muda mfupi, maana hasira zangu ni moto wa karatasi, zinawaka na kuzimika kabla maji hayajachemka. Lakini kwa muda huo, ningeukamata ufagio wake ningeuvunja vipande vipande.

Nianze na kesi yenyewe. Pori ni la serikali, hilo hatubishi, na hakuna hata mmoja wetu mwenye hati. Ila mizinga yetu imetundikwa humo tangu enzi za bibi yake mama mkwe. Asali ya humo ndiyo iliyomsomesha mume wangu mpaka akapata leseni ya lori, na ndiyo inayonipa mimi kazi. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mavazi ya warina asali, yale maovaroli mazito na kofia zenye nyavu usoni. Basi siku moja tukasikia mngurumo, tukaenda kuangalia, tukakuta tingatinga linajifungulia njia katikati ya miti. Wizara ilikuwa imelikodisha pori zima kwa kampuni ya kutafuta mafuta na gesi, na sisi ndio tulikuwa wa mwisho kujua. Kampuni ikachimba kisima kimoja cha majaribio, ikaangusha miti pamoja na mizinga iliyokuwa juu yake, ikaacha shimo limejaa tope la kijivu linalonuka dizeli. Nyuki walionusurika walihama bila kuaga.

Tulipouliza kwa nini hatukuulizwa, tulionyeshwa ripoti ya wataalamu. Ilisema pori ni ardhi tupu, haina shughuli yoyote ya watu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Mama mkwe aliposomewa sentensi hiyo alisema, "Kwa hiyo mimi ni mnyama gani?"

Tukaenda mahakamani. Mlalamikaji wa kwanza alikuwa ni yeye. Aliyetutetea ni wakili wa kike wa kesi za mazingira, mwembamba, mwenye haraka, anayekula biskuti badala ya chakula. Kwanza alipata amri ya kuisimamisha kampuni kwa muda. Kisha jaji akatangaza kwamba kabla ya kutoa hukumu atakuja kuliona pori kwa macho yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, na sababu yangu haikuwa nyuki. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, alikuwa ameshatengeneza chumba nyumbani kwake mjini. "Kesi ikianguka, Mama, unakuja kwangu," alisema. "Utakaa hapa unachunga nini?" Nilitegemea mama mkwe amkatalie, kwa sababu yeye hukataa hata kiti akikaribishwa. Akakubali. Kesho yake akalichukua bomba lake la moshi, kile kikopo cha kuwapulizia nyuki watulie, akalitia kwenye gunia, akafunga gunia kwa kamba na kuliegemeza mlangoni mwa chumba chake. Kila nikipita nalikuta pale. Mume wangu yuko barabarani wakati wote. Ukiniuliza nyumbani naongea na nani, ni mama mkwe na cherehani, na cherehani haina masihara. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Pori likienda, na yeye anaenda.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu njia ya moto. Pori letu limepakana na mashamba, na wakati wa kiangazi mtu akichoma mabua, moto unaweza kuruka ukaingia porini. Kwa hiyo ukingoni mwa pori kuna ukanda mpana usio na hata jani moja kavu. Tunaufagia sisi wanawake, kiangazi chote. Kila nyumba ina kipande chake. Kipande anakipata mkwe kutoka kwa mama mkwe, au binti kutoka kwa mama yake, siku anapokabidhiwa ufagio. Hakuna aliyetuamuru na hakuna aliyeandika popote. Na kila mwanamke ana mkono wake. Yupo anayefagia kwa kuvuta michirizi mirefu, yupo anayezungusha kama anachora vikapu. Ukipita pale unajua umetoka kwa nani na umeingia kwa nani.

Kipande cha mama mkwe kinapakana na cha jirani yetu tunayemwita Jenerali, kwa sababu hata akikuombea dua anaamrisha. Mpaka wao ulikuwa kisiki. Kisiki kikaliwa na mchwa, kikaisha, na tangu hapo kila mmoja anakumbuka kilikuwa mahali tofauti. Sehemu wanayogombania haizidi ukubwa wa sebule yangu. Jenerali huifagia asubuhi, mama mkwe huifagia jioni, na kila mmoja akiwa anafagia huongea peke yake kwa sauti ya kusikika. Ndiyo sehemu safi kuliko zote. Ungeweza kumlaza mtoto mchanga pale bila mkeka.

Jenerali naye alikuwa miongoni mwa walalamikaji, na Wakili aliposikia habari za kisiki alishika kichwa. Akawaita wote wawili.

"Mama zangu, mbele ya jaji ninyi ni kitu kimoja," aliwaambia. "Habari za mpaka sitaki kuzisikia. Wale wenzetu wa kampuni wakijua mnagombana, watasema hata wenyewe hawaelewani. Sawa?"

"Mimi sina neno naye," alisema Jenerali.

"Hata mimi sina," alisema mama mkwe. "Kisiki anakijua Mungu."

"Mama."

"Nimenyamaza, mwanangu."

Wakili aliwaambia walalamikaji wote jambo jingine pia, na alilisema taratibu, akimtazama kila mtu. Msiguse kitu. Shimo libaki, miti iliyoangushwa ibaki, mizinga iliyovunjika ibaki pale pale ilipo. Wote waliitikia. Nilikuwepo, niliwasikia.

Basi siku moja kabla ya ugeni nikaenda mjini kukutana na Wakili, kwa kuwa mimi ndiye niliyechaguliwa kuuelekeza msafara. Asubuhi tukaja mbele na kigari chake, magari ya mahakama yakifuata nyuma yetu, na la kampuni nyuma yao. Tulipokata kona ya mwisho, Wakili akafunga breki ghafla mpaka biskuti zikamwagika.

Shimo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na uwanja uliosawazishwa na kumwagiwa maji, na juu yake viti vimepangwa mstari, vya kwangu vya sebuleni vikiwa mbele. Palikuwa na meza, na juu ya meza kitambaa cheupe, na kitambaa chenyewe kilikuwa kile cha nyavu nilichokinunua kwa ajili ya kofia. Jagi la maji. Maua kwenye kopo. Miti iliyoangushwa ilikuwa imeburutwa kando, na ile mizinga iliyovunjika, ushahidi wetu wote, ilikuwa imekatwakatwa na kupangwa kama kuni, vipande vikubwa chini, vidogo juu.

"Dada," Wakili aliniuliza kwa sauti ndogo, "nipo mahali penyewe?"

Mama mkwe alikuja kutupokea, kanga safi mabegani, uso umejaa fahari. Nikateremka garini kabla halijasimama vizuri.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumefagia."

"Aliwaambia msiguse."

"Alituambia. Jana tulikuja kuangalia, tukaona haiwezekani." Akanisogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, huyu ni jaji. Anatoka kwake huko, amevaa vizuri, anakuja kwetu, halafu akanyage tope? Akirudi atasema nini? Aseme wale watu wanaishi kama nini?"

Yule mwanamke alikuwa amefuta kesi yake mwenyewe kwa ufagio, kwa kumwonea aibu mgeni, na alikuwa ananitazama akisubiri nimsifu.

Jaji alikuwa mama mtu mzima, amevaa raba na kofia pana ya jua, mchache wa maneno. Akakaribishwa kwenye kiti cha katikati, kiti changu kizuri kuliko vyote, akaketi. Wakili wa kampuni hakutaka kuketi. Alikuwa kijana mwenye buti mpya zilizong'aa, na alikuwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Mheshimiwa," alisema, "walalamikaji wameieleza mahakama habari za shimo, tope na mizinga iliyoharibiwa. Naomba iandikwe kwamba tuko kwenye uwanja safi. Uharibifu uko wapi?"

Karani wa mahakama akaandika. Nilimtazama Wakili. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Jaji akamgeukia mama mkwe. "Mama, shimo lenu liko wapi?"

"Umelikalia, Mheshimiwa," alijibu mama mkwe. "Tuliona hapo ndipo penye kivuli."

Jaji akainama kuangalia. Sote tukainama. Miguu ya nyuma ya kiti changu ilikuwa imeshazama nusu, na iliendelea kuzama polepole, na jaji alikuwa anaegemea nyuma kidogo kidogo kama mtu aliyeko saluni. Pembezoni mwa miguu ile tope la kijivu lilianza kutokeza, na harufu ya dizeli ikatufikia. Karani akaacha kuandika, akampa jaji mkono, akamnyanyua. Kiti kilibaki pale pale. Mpaka leo kina rangi ile miguuni, na sikubali kukisugua.

"Liandikwe shimo," alisema jaji.

Nikaanza kupata pumzi. Lakini yule kijana wa buti hakuwa mjinga.

"Mheshimiwa, tuseme shimo lipo," alisema. "Shimo linafukiwa. Msingi wa kesi hii ni mmoja tu. Kama hapa palikuwa na watumiaji wa ardhi, wizara ilipaswa kuwauliza. Kama hapakuwa na watu, haikuwa na wa kumuuliza. Ripoti inasema hapakuwa na watu. Na leo tunaonyeshwa nini? Maua na kitambaa cha meza. Hata ile njia pale imefagiwa jana, kwa ajili ya ugeni. Hayo ni maonyesho. Kabla ya jana hapa palikuwa pori tupu."

Alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea kwenye njia ya moto. Jaji akaitazama. Ilikuwa imefagiwa kweli, inang'aa, na nikajua kwamba usafi uliotutia aibu dakika chache zilizopita sasa ungetumaliza kabisa. Akilini nikaliona lile gunia mlangoni. Nikaona chumba chake kitupu.

"Imefagiwa jana?" jaji aliuliza.

"Jana?" alisema Jenerali. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, na kimya hakimkai. "Mheshimiwa, mimi kipande changu nakifagia kila siku ya kiangazi. Huyu mwenzangu ndiye wa kuulizwa habari za jana."

Mama mkwe akageuka polepole. "Unasemaje?"

"Nasema mimi nafagia kila siku."

"Unafagia pangu."

"Mama," Wakili alisema.

"Pako wapi? Pako pameishia kwenye kisiki."

"Na kisiki kilikuwa pale kwenye kona. Mama mkwe wangu alinikabidhi ufagio nikiwa na mimba ya huyu mkubwa wangu, akanionyesha kwa mguu wake: mpaka hapa. Wewe ulikuwa bado hujaolewa."

"Nilikuwa sijaolewa lakini nilikuwa na macho. Mwaka ule moto ulipoingia ukachoma mizinga ya watu, ulipitia wapi? Si ulipitia kwako? Ulikuwa umekwenda kuuguza, hukufagia."

"Nilimwachia wifi yangu afagie."

"Wifi yako alifagia?"

"Nilifagia," ilisikika sauti kutoka nyuma. "Mpaka kwenye kisiki."

"Kisiki kipi?" walisema wote wawili.

Hapo pakaharibika. Kila mwanamke alikuwa na lake. Mmoja akasema moto ulipitia kwa marehemu mama yake na sio pale, na wasimsingizie marehemu. Mwingine akasema kama ni mipaka, basi na yeye ana dukuduku lake la tangu alipoletwa kama bibi harusi, akakuta jirani ameshasogea mpaka mlangoni pake. Wakili alikuwa amekunja uso, akipunga mikono huku na huku. Mimi nilimshika mama mkwe mkono, akaufukuza mkono wangu kama nzi.

"Naomba watulizwe," alisema yule kijana.

"Waacheni waseme," alisema jaji. Alikuwa amevua kofia. Akamwambia karani aandike, kisha akamuuliza Jenerali, "Wewe unaanzia wapi na unaishia wapi?" Jenerali akamwonyesha. Akamuuliza anayefuata. Naye akamwonyesha. Jaji akaanza kutembea juu ya njia ya moto, sisi nyuma yake. Kila alipofika mahali michirizi ya ufagio inapobadilika, alisimama na kuuliza, "Na hapa ni kwa nani?" Kila mara sauti moja ilijibu, "Kwangu, Mheshimiwa," na nyingine mbili zikaongeza maelezo ambayo hayakuombwa. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa pori. Zile buti mpya zilikuwa zimeshaanza kumuuma mwenyewe. Kuna mama alimhurumia, akampa ndala zake, na kijana akazipokea.

Wakati wa kurudi jaji alisimama kwenye ile sehemu ya kisiki. Michirizi ilikuwa imepandana, mirefu ya mama mkwe juu ya miduara ya Jenerali.

"Na hapa?" aliuliza.

"Kwangu," walijibu wote wawili.

Jaji alitazama chini kwa muda, akavaa kofia yake, akaenda zake kwenye gari.

Siku ya hukumu tulijaa chumba cha mahakama mpaka wengine wakasimama ukutani. Mama mkwe alikaa kati yangu na shemeji, na shemeji alikuwa amekuja na gari kubwa lenye nafasi nyuma ya kutosha kitanda. Sikumsalimia vizuri. Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wangu.

Jaji alisoma kwa sauti moja, na mengi ya mwanzo yalinipita. Vifungu, marejeo, tena vifungu. Kisha akafika kwetu. Alisema mahakama ilitembelea eneo, ikawasikia walalamikaji wakigombania mipaka ya vipande vyao, wakitaja waliowakabidhi na waliotangulia kabla ya hao, na kwamba hakuna mtu anayeweza kugombana hivyo juu ya ardhi tupu. Akasema ripoti haikuwa ya kweli. Akasema wizara iliwajibika kuwauliza watu hawa na haikuwauliza, kwa hiyo kulikodisha pori hili kwa kampuni ni batili, na kampuni iondoe vyake na kusafisha ilipochafua.

Nilisikia neno "batili" nikashusha pumzi iliyokuwa imenikaa kifuani tangu siku ya tingatinga. Nililia, nakiri, na kwa sauti. Wakili naye alikuwa analia huku akijaribu kupanga makaratasi yake. Baadaye alituonya kwamba wizara inaweza kuanza upya, safari hii kwa kufuata taratibu, na tuwe macho. Tukamwambia ikianza itatukuta. Lakini siku ile hatukutaka kuogopa, tulikuwa tumeogopa vya kutosha.

Kabla hajafunga jalada jaji alitutazama juu ya miwani.

"Kuhusu mpaka kati ya mlalamikaji wa kwanza na wa nne," alisema, "mahakama haikuombwa kuamua. Mahakama inashukuru."

Jenerali, mlalamikaji wa nne, ndiye aliyeanza kucheka, halafu mama mkwe, wakashikana mabega wakacheka mpaka askari akawaomba watoke nje.

Shemeji alirudi mjini na gari lake tupu. Nilimuaga vizuri, nikamfungia na asali. Tulipofika nyumbani mama mkwe alikwenda moja kwa moja mlangoni mwa chumba chake, akachuchumaa mbele ya gunia. Fundo lilimshinda. Nikaleta mkasi wangu wa kazi nikakata kamba, akalitoa bomba la moshi, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wake wa zamani. Kisha akaenda uani na kurudi na ufagio.

"Kuanzia kesho utafagia wewe," alisema. "Mgongo wangu umechoka. Unajua mwanzo wetu. Mwisho wetu ni kwenye kisiki."

Niliupokea kwa mikono miwili.

"Kisiki kilikuwa wapi hasa, Mama?" niliuliza.

Alinitazama, akatazama mlangoni kama hakuna anayepita, akaninong'oneza. "Kusema kweli sikumbuki."

Asubuhi nikaenda. Jenerali alikuwa ameshapita, miduara yake bado mibichi juu ya udongo, mpaka kwenye kona na kuizidi kidogo. Nilimwona kwa mbali amesimama, ufagio begani, ananiangalia nitafanya nini. Nikainama, nikaanza kufagia juu ya alama zake, nikiongea peke yangu kwa sauti ya kusikika.